Miezi saba kwenye jimu ya juu ya duka la saruji, Ngamiani, Tanga

Ramadhani iliyopita, siku ya tatu, nilikaa juu ya mbuzi nikune nazi za futari. Nazi mbili tu, za kutia kwenye muhogo. Ya pili ilipokwisha nikataka kuinuka, miguu ikagoma. Nikajivuta mbele, nikajaribu tena, wapi. Mwishowe nikashika mguu wa meza, nikageuka, nikapiga magoti, ndipo nikasimama. Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa mlangoni ananitazama. Akaniuliza, "Bibi, nikuvute?"

Nina miaka 63. Nimefundisha shule ya msingi miaka 36, na tangu nistaafu sikuwa mtu wa kushinda kitini. Kila alfajiri baada ya swala nilikuwa natoka Ngamiani, napita Bombo mpaka Raskazone, narudi. Presha yangu ilitulia, usingizi ukawa mzuri, na kila niliyepishana naye njiani alinisifu. Kwa hiyo siku ile ya mbuzi sikuelewa kabisa. Mtu anayetembea mwendo wote ule anashindwaje kuinuka kutoka kwenye kibao cha kukunia nazi?

Jibu nimelipata juu ya duka la saruji, na ndiyo sababu naandika. Jina la jimu silitaji kwa kuwa mwenyewe ameniomba: saa za asubuhi za akina mama na wazee zimejaa, na hataki kumrudisha mtu mlangoni. Nitaeleza kilichomo, kizuri na kibaya, nawe uende ukaipime jimu ya mtaani kwako kwa kipimo hicho hicho.

Kabla ya hapo nilijaribu ukumbi mwingine, mkubwa, wenye kiyoyozi na vioo ukuta mzima. Kijana wa pale alinipima kiuno kwa futi kama ya fundi cherehani, akanipandisha kwenye mashine ya kutembelea, akasema, "Mama, tuanze na kitambi." Hakuuliza kama natumia dawa. Hakuuliza kilichonileta. Nilipomweleza habari ya mbuzi akacheka, akaniambia nikipungua kilo kumi nitaruka kama swala. Nililipa ya mwezi mzima, nikaenda siku nne. Nilikuwa natembea bure Raskazone kwenye upepo wa bahari. Kulipa ili nitembee mahali pamoja naangalia televisheni sikuona maana yake.

Hii ya pili nilielekezwa na jirani. Iko ghorofa ya kwanza, ngazi 22, nimezihesabu. Chumba kimoja kirefu, madirisha ya nondo, mapanka mawili, na sakafu ya saruji iliyotandikwa vipande vya mpira. Vyuma vingi si vya dukani. Ni makopo ya rangi, ya lita moja na ya lita nne, yamejazwa zege na kuunganishwa mawili mawili kwa bomba la maji. Kila pea imeandikwa uzito wake kwa rangi nyekundu. Mimi namba siipokei bila kujua ilikotoka, basi siku moja nikaomba mizani ya duka la chini nikapima: iliyoandikwa 5 ilikuwa kilo 5 na robo, iliyoandikwa 20 ilikuwa 20 na nusu. Nikaridhika. Misuli haijui kama uzito umetoka Ujerumani au umetoka kwenye kopo la rangi.

Kocha wa asubuhi ni binti ambaye mama yake nilimfundisha darasa la nne. Siku ya kwanza aliniamkia, akanipa kiti, akachukua kalamu. Aliandika dawa zangu zote. Aliuliza kama nimewahi kuanguka, kama nikisimama ghafla naona kizunguzungu, kama kifua kinabana nikipanda ngazi. Akanitaka nirudi na karatasi ya kituo cha afya inayoonyesha presha ya wiki ile. Nilirudi nayo siku iliyofuata. Hapo ndipo alipoanza kunipima, na hakugusa kiuno wala mizani ya kilo.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Kiti cha mbao kimeegemezwa ukutani, kimo chake sentimita 43. Unakaa, unakunja mikono kifuani, unasimama wima na kukaa tena, mara nyingi uwezavyo ndani ya sekunde 30. Ni kipimo kinachotumika sana hospitalini Marekani, na wamekiwekea viwango: mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12 yuko chini ya wenzake, mwanamume wa umri huo, chini ya 14. Akifika 65 hadi 69, mwanamke ni 11 na mwanamume ni 12. Kocha ameviandika kwa mkono kwenye karatasi ya manila na kuvibandika ukutani.

Mimi nilipata 7.

Cha pili, kusimama kwa mguu mmoja. Wa kulia sekunde 6, wa kushoto sekunde 3. Cha tatu, kukaa kitako kwenye mkeka na kuinuka: una alama 5 za kukaa na 5 za kuinuka, na kila mkono, goti au kiganja unachokiegemea kinakukata moja. Nilipata 5 kwa jumla. Cha mwisho, kubeba madumu mawili ya maji ya lita 10, moja kila mkono, na kutembea nayo urefu wa chumba bila kuyatua. Niliyatua katikati, vidole vimekufa ganzi.

Nilirudi nyumbani na namba zile kwenye daftari, na usiku nikawa nayakumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaacha bila kujua nimeyaacha. Udhu, kwa mfano. Maisha yangu yote nilikuwa naosha miguu nimesimama, mguu mmoja juu, kopo mkononi. Lini nilianza kuegemea ukuta? Lini nikaingiza stuli bafuni? Daladala nayo: nilikuwa nimeanza kumngoja kondakta anishike mkono, nikidhani ni heshima anayonipa mwalimu. Kwenye matanga nilikuwa natafuta kiti cha plastiki nje na wanaume, nikisema ndani kuna joto.

Hayo yote ni mguu na paja, na kutembea kwangu hakukuyaziba. Kocha alinieleza kwa maneno ambayo ningeyatumia darasani. Misuli inajengeka pale inapopewa kazi nzito kuliko iliyoizoea. Kutembea barabara tambarare ni kazi ambayo mwili wangu uliizoea zamani. Moyo na mapafu vinafaidi, presha inashuka, lakini nyama za paja haziambiwi neno jipya. Na nyama hizo hazikungoji. Tangu miaka 30 mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu hupungua kabla ya nyama, na wepesi wa kuitoa nguvu hiyo kwa haraka hupungua kabla ya nguvu yenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Ukijikwaa kwenye kizingiti, unachohitaji ni mguu mwingine uje mbele sasa hivi. Mguu wenye nguvu unaochelewa kuja unakukuta umeshalala chini.

Naliandika hili nikimfikiria dada yangu wa Pangani. Amenizidi miaka minane. Hakuwa na sukari, hakuwa na presha, na daktari aliwahi kumwambia moyo wake ni kama wa msichana. Mwaka juzi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa umeshika, lakini kwa miezi aliyolala kitandani miguu ikamkauka, na mpaka leo anaishi kwa binti yake, anainuliwa kwenda chooni. Mwanamke aliyekuwa akivuka Mto Pangani kwa pantoni kila wiki na kikapu cha samaki kichwani! Tunahesabu presha na sukari, tunagawana dawa kama peremende, na hakuna anayemuuliza mzee: unaweza kuinuka kutoka chini? Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kwa kuanguka kila mwaka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Mwaka 2020 shirika hilo hilo lilitoa mwongozo: aliyefika 65 afanye mazoezi ya nguvu na ya kujiimarisha asiyumbe, angalau siku tatu kwa wiki, pamoja na zile dakika 150 za kutembea kwa kasi au kazi inayolingana na hiyo. Kutembea tumekusikia sana. Hayo mengine sikumbuki kuambiwa hata siku moja, na kliniki nimekwenda miaka kumi.

Basi jimu hii inafanya nini? Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2 hadi saa 3 na nusu asubuhi. Tuko kumi na wawili, mkubwa wetu ana miaka 77. Tunavaa tulivyozoea, suruali ya michezo na dera fupi juu, mtandio umefungwa nyuma usining'inie. Tunaanza kwa kuzungusha viungo dakika chache, kisha kiti. Kusimama ni kwa haraka, kukaa ni polepole kwa hesabu ya nne: moja, mbili, tatu, nne, ndipo makalio yaguse. Hii ya polepole inachoma mapaja, na ndiyo inayofundisha kushuka bila kujitupa. Mwezi wa kwanza nilikuwa mikono mitupu. Wa pili nikakumbatia kopo la kilo 5. Sasa nakumbatia la 12. Kanuni yake ni moja: kitu kikiwa chepesi mara 12 mfululizo kwa siku mbili, ongeza. Haongezi kwa kukuonea huruma wala kwa kukukomoa, anaongeza kwa daftari.

Kuna sanduku la mbao pembeni ambalo nalipenda kuliko kifaa chochote. Kocha alikwenda stendi na futi, akapima kimo cha ngazi ya daladala kutoka chini, akamchongesha fundi seremala sanduku la kimo hicho. Tunalipanda na kulishuka, mguu huu, mguu ule, mikono haigusi kitu. Kushuka ndiko kugumu. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nashikwa bega. Siku niliposhuka bila kushikwa, yule mama wa 77 alipiga kigelegele.

Halafu tunanyanyua kutoka chini: ndoo, kisha makopo ya zege, mgongo umenyooka, makalio yanarudi nyuma, pumzi unaitoa unapoinuka. Kwenye pumzi kocha ni mkali kweli. Mtu mwenye presha akibana pumzi huku anainua kitu kizito, presha inapanda ghafla, kwa hiyo anatutaka tuhesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana. Tunabeba madumu. Tunasukuma ukuta. Tunatembea juu ya mstari wa gundi uliobandikwa sakafuni, kisigino kikigusa vidole, na tunasimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, bila kuugusa. Tunamaliza kwa kulala chali kwenye mkeka na kuinuka mpaka kusimama, mara tatu, kila mmoja kwa njia yake.

Huo mkeka umenifikirisha sana. Nilipokuwa nafundisha Maarifa ya Jamii tuliwasoma Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi kama watu wa kale, wawindaji, basi. Mwaka 2020 watafiti waliwavalisha vipimo wakakuta kwamba wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kama tu mtu wa mjini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni kuchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu inakuwa kazini wakati mwenyewe anazungumza na wenzake. Nikamkumbuka bibi yangu. Alipikia chini, alikula chini, alichambua mchele chini, alisali, alichuchumaa chooni, na alikufa akiwa anainuka mwenyewe. Mimi nina sofa, nina jiko la gesi la mezani, nina choo cha kukalia, nina stuli bafuni. Kila kimoja nilikinunua kwa pensheni na kwa furaha. Hakuna aliyenidanganya, ila kila kimoja kiliipunguzia miguu yangu kazi kidogo, hadi ikabaki sijda peke yake, na sijda nayo nilikuwa nimeanza kuinukia kwa mikono miwili.

Kuhusu nguvu ya mkono, nilidhani madumu ni ya kutuchosha tu. Kumbe mwaka 2015 ulitoka utafiti wa watu karibu 140,000 katika nchi 17, wakibanishwa kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja: kiganja dhaifu kilibashiri kifo kuliko hata ile namba ya juu ya presha. Na huko Brazil, mwaka 2022, watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 walipimwa kwa kusimama mguu mmoja sekunde 10. Walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi katika miaka kama saba iliyofuata, hata baada ya kuhesabu umri na maradhi yao. Nawaomba wasomaji wasilichukue hili vibaya. Kipimajoto hakitibu homa. Kubana mpira mkononi au kusimama kama korongo hakumwongezei mtu siku. Kiganja na mguu vinaonyesha hali ya mwili mzima, basi mwili mzima ndio ufanyiwe kazi.

Pumzi ni ya pili kwangu, na sijaacha Raskazone. Siku ambazo si za jimu natembea, ila sasa kuna vipande nakaza mwendo mpaka naweza kusema neno lakini siwezi kuimba. Viungo kunyumbuka kocha anavipa dakika tano, na naona zinatosha, isipokuwa kifundo cha mguu: kikikaza, huwezi kuchuchumaa hata paja liwe la chuma. Uzito? Nilianza na kilo 74, leo nina 73. Watu wananiuliza nimepungua lini. Sijapungua. Nimesimama vizuri.

Daftari langu linasema hivi. Kiti: wiki ya kwanza 7, mwezi wa tatu 11, juzi 15. Mguu wa kulia kutoka sekunde 6 hadi 26, wa kushoto kutoka 3 hadi 19. Kukaa na kuinuka mkekani, kutoka alama 5 hadi 8; kwenda chini mkono mmoja naugusisha, kuinuka pia mmoja. Madumu nayabeba kwenda na kurudi mara mbili. Na nazi nimezirudia. Mwezi wa kwanza nilizinunua zilizosagwa sokoni ili nisikae kwenye mbuzi mbele ya mjukuu, na hilo liliniuma kuliko goti lenyewe.

Kwa anayesema umri umepita: mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Waliwanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki nane, uzito wa kweli, si wa kuwabembeleza. Nguvu ya mapaja yao ilizidi maradufu. Miaka 90! Hiyo karatasi niliisoma mara mbili.

Sasa kasoro, maana zipo na moja ni kubwa.

Ngazi zile 22 hazina pa kushika. Jimu inayofundisha wazee wasianguke, njia yake ya kuingilia ni ukuta upande mmoja na uwazi upande wa pili. Mvua ikinyesha, ngazi nne za mwisho zinalowa. Nimemwambia mwenye jimu mara tatu, mara ya tatu kwa maandishi na sahihi za wenzangu kumi na mmoja. Ameahidi bomba na fundi wa kuchomelea. Mpaka naandika haya, bomba limefika, limelazwa chini ya ngazi, fundi bado. Kwa hili pekee naikata alama mbili.

Kingine kilinipata mwenyewe. Mwezi wa tatu kocha alikwenda likizo ya uzazi, akaletwa kijana wa jioni amshikie. Kijana mwenye bidii, lakini daftari hakulifungua. Alinipa ekseli ya gari wanayonyanyua vijana, akaniambia, "Mama, wewe mbona una nguvu!" Nikaona haya kukataa. Mgongo ulinishika, nikakaa nje wiki mbili, na kulala chali ilikuwa taabu. Nilikosea kutokusema hapana, naye alikosea zaidi. Waliporudisha utaratibu wa daftari nikarudi. Sasa kuna kocha wa pili, mama wa makamo, ambaye haongezi kilo bila kusoma ukurasa wa jana. Ukienda jimu yoyote, mwombe akuonyeshe anakoandika. Kama haandiki, hajui ulipotoka wala unapokwenda.

Muziki una kelele siku za Ijumaa. Choo ni kimoja kwa wote, ingawa ni kisafi. Mapanka yanazima umeme ukikatika, na Februari ya Tanga mnaijua.

Chakula wanakigusa kidogo mno, ningependa zaidi. Kocha aliniuliza mara moja nakula nini asubuhi, nikamwambia chai ya rangi na vitumbua viwili. Akasema, "Mwalimu, nyama ya paja haijengwi na kitumbua." Nikabadili: yai au maharage ya jana asubuhi, dagaa mchana, na maziwa ambayo hapa Tanga hatuna udhuru wa kuyakosa. Mtu mzima anahitaji vyakula hivi zaidi ya kijana ili misuli yake iitikie mazoezi, na wengi wetu tukishafika 60 tunahamia chai na mkate kwa kuwa hamu imepungua. Hili lilistahili somo zima na karatasi yake ya manila.

Bei ni shilingi 30,000 kwa mwezi kwa saa za asubuhi, sawa na kilo tatu hivi za nyama. Kwa siku moja ni 3,000. Mstaafu akichelewa pensheni wanamvumilia, nimeliona hilo. Kwa alama zangu za mwalimu ni 8 kwa 10, na ngazi zikipata pa kushika nitasahihisha.

Kwa asiyekuwa na jimu karibu, kiti cha mbao kimoja, ukuta na madumu mawili vinakufikisha mbali. Muone daktari kwanza kama una presha, moyo au nyonga iliyowahi kuvunjika. Weka kiti ukutani kisiteleze, vua kandambili, na uwe na mtu karibu wiki za mwanzo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa dada. Nilimweleza kocha habari zake, naye akaniandikia mazoezi manne kwenye karatasi bila kunitoza chochote, akasisitiza nimwonyeshe daktari wa dada kwanza. Daktari alikubali yote isipokuwa moja. Jumamosi mbili zilizopita nikapanda basi la Pangani. Nikamkuta dada amekaa ukingoni mwa kitanda. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu. Umeniletea nini?" Nikamwambia nimemletea kazi. Tukaweka mito miwili juu ya godoro ili kimo kiwe juu, binti yake akasimama upande huu, mimi upande ule, tayari kumdaka. Akasukuma kwa mikono yote miwili, akasimama. Akakaa kwa kishindo. Nikamwambia polepole, hesabu nne. Akasimama tena, akahesabu kwa sauti ile ile aliyokuwa akinihesabia nilipokuwa mdogo tukiruka kamba.

Alifika mara tatu. Juzi binti yake amenipigia simu: mara tano, na mto mmoja umeondolewa. Nimempa ukurasa wake kwenye daftari langu.